Ukilowa Mlimani Unageuka Mtungi

Juzi nilikuwa Kibokoni, hapa Mombasa, juu ya ngazi, nazibua paipu ya kutolea maji ya AC. Ilikuwa imeziba kwa ukoko, maji yakawa yanarudi ndani na kuteremka ukutani hadi kwenye saa ya sebuleni. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alinishikia ngazi kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili.

"Mwanangu, si wewe uliyekwenda Addis Ababa? Binti yangu anakwenda kikazi mwezi wa sita. Nimemnunulia koti, wallahi ukilivaa hapa unaiva."

Nikamwambia koti ni sawa. Na viatu je, mama?

"Ana makubadhi mapya."

Nilicheka kidogo, nikajuta, kwa sababu mimi mwenyewe nilikwenda vivyo hivyo. Haya ndiyo ambayo sikuweza kumweleza nikiwa na bisibisi mdomoni.

Mimi ni fundi wa friji na AC. Kazi yangu ya kila siku ni kulitoa joto mahali halitakiwi na kulipeleka kwingine, na nilipopelekwa kufunga chumba cha baridi kwenye shamba moja la maua nje ya Addis Ababa, wiki za mwanzo za Juni, nilijiona najua kila kitu kuhusu baridi. Nilikuwa naijua baridi kavu ya ndani ya friji. Ile yenye mvua sikuwahi kukutana nayo.

Kwanza, kwa nini mji ulio karibu na ikweta uwe na baridi? Watu wengi husema mlimani ni karibu na mbingu, jambo ambalo lingetakiwa kuleta joto, maana ni karibu zaidi na jua. Jibu liko kwenye hewa. Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu kwa kidole, sukuma: mwili wa pampu unapata moto. Hewa ikibanwa hupata joto, ikiachiwa itanuke hupoa. Hewa ya chini ikipanda mlima, uzito wa hewa iliyo juu yake unapungua, inatanuka, inapoa. Ikiwa kavu inapoteza karibu digrii 10 kwa kila kilomita moja ya kupanda. Ikishaanza kufanya wingu inapoteza kidogo zaidi ya nusu ya hizo, kwa sababu mvuke unapogeuka maji unarudisha joto uliloliiba huko chini. Kwa wastani wahesabu digrii 6.5 kwa kilomita.

Uwanja wa ndege wa Addis Ababa, Bole, uko mita 2,334 juu ya usawa wa bahari. Piga hesabu: digrii 15 chini ya zile za Mombasa. Kiuhalisia haitoki sawasawa, kwa kuwa uwanda wenyewe nao unapashwa na jua. Mchana nilikuta 21 au 22, usiku 11. Mtu wa Ulaya angevaa fulana. Mimi usiku wa kwanza nililala na soksi.

Hapa nisimulie aibu yangu. Kabla ya kutia gesi kwenye mtambo, fundi hutoa hewa yote kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu, akiangalia sindano ya geji ishuke. Mombasa inashuka mpaka karibu inchi 30, unajua bomba limekauka. Kule ikashuka mpaka 22 na kitu, ikakwama. Nikakaza nati zote. Nikabadilisha mafuta ya pampu. Nikabadilisha mipira. Saa tatu nzima natafuta tundu ambalo halipo. Msimamizi wa pale, ambaye alikuwa akiniita wendime, yaani ndugu yangu, akaniletea kahawa akauliza kulikoni. Nilipomwonyesha akatabasamu kwa adabu: "Hapa ndiyo mwisho wake." Geji ile hupima tofauti na hewa ya nje, na hewa ya nje kule ni robo tatu tu ya ile ya pwani. Huwezi kutoa kilo 10 kwenye gunia lenye kilo 7 na nusu.

Robo tatu hiyo hiyo ndiyo inayoingia mapafuni. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, ila kila pumzi ina hewa pungufu. Siku mbili za mwanzo ngazi ya ghorofa moja ilinitoa pumzi kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Usifanye haraka, kunywa maji, na mizigo mwachie aliyezoea. Lakini mwenye selimundu, na pwani yetu wako wengi, asipande ndege kabla ya kumuona daktari. Upungufu wa hewa unaweza kumletea maumivu makali. Mwenye pumu naye aulize.

Sasa mvua. Msimu wao mkubwa unaitwa kiremt, kuanzia Juni mpaka Septemba. Ule ukanda wa mvua unaolifuata jua hutupitia sisi Machi hadi Mei, tukauita masika, kisha unapanda kaskazini. Kwa hiyo ukiondoka Mombasa Juni, masika imeishia na kusi imeshika, unaifuata mvua ileile kule ilikohamia. Unyevu mwingi wa Addis huja kutoka magharibi na kusini magharibi, unapanda miinuko ya Ethiopia na kukamuliwa njiani kwa kupoa, kama AC yako inavyoikamua hewa ya chumba na kudondosha maji kichochoroni.

Mwanzo wa msimu una tabia yake. Masika huku kwetu mara nyingi hutushukia usiku au alfajiri. Kule asubuhi ni nyeupe, jua kali linalochoma kuliko la Nyali kwa kuwa hewa ya kulichuja ni haba. Saa nne mawingu madogo juu ya Entoto, ule mlima wa kaskazini mwa mji wenye harufu ya mikalitusi. Saa saba yamekuwa minara. Saa tisa radi, na siku ya tatu ikaja mvua ya mawe, vipande kama punje za choroko, ikapiga bati la karakana tukashindwa kusikilizana.

Kuna hesabu ya mafundi inayosaidia hapa. Angalia kwenye simu joto la sasa na kile kiwango cha umande, yaani digrii ambazo hewa ikipoa mpaka hapo mvuke wake unaanza kugeuka maji. Toa kimoja kwa kingine, zidisha kwa 125: hizo ndizo mita ambazo tako la wingu litakuwa juu ya kichwa chako. Asubuhi moja ilikuwa 20 na 12, tofauti 8, yaani mita 1,000. Wingu likawa juu kidogo ya kilele cha Entoto, chenye kama mita 3,200. Kesho yake tofauti ilikuwa 4. Wingu lilikata mlima katikati na mvua haikungoja saa tisa.

(Saa hizi ni zetu, na ni zao pia. Waethiopia huhesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua kama Waswahili. Ukiambiwa tukutane saa mbili asubuhi, ni saa mbili uliyoizoea. Wageni wengine wanachelewa au wanawahi kwa saa sita, sisi tunafika. Hata baridi wanaiita kwa neno linalofanana na letu: bird.)

Nimefika kwenye jambo lenyewe. Siku ya nne mvua ilinikuta kituoni. Nilikuwa na koti zuri kabisa, limenikinga kiwiliwili chote. Chini suruali ya jinzi na makubadhi. Dakika 10 tu. Joto lilikuwa 16, si baridi ya kumtisha mtu, chumba cha AC Mombasa ukikiachia kinafika hapo. Ila nilitetemeka mpaka meno yakagongana, na mvua ilikuwa imeshakatika, upepo mdogo unavuma.

Nilikumbuka mtungi wa bibi. Maji ya mtungi hayapoi kwa sababu ya kivuli. Mtungi unatoka jasho: maji yanapenya udongo, yanafika nje, yanakuwa mvuke, na mvuke hauondoki bure, unaondoka na joto. Kukausha lita 1 ya maji kunakula joto ambalo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji ya bomba la Addis. Jinzi iliyolowa chepechepe inabeba nusu lita bila shida. Joto la kuikausha linatoka wapi? Kwenye mapaja yako. Nilikuwa nimevaa mtungi.

Ndiyo maana namwambia mama yule koti lisimdanganye. Digrii 16 ukiwa mkavu ni raha tupu. Zikiwa 16 na umelowa kuanzia kiunoni kwenda chini, koti la barafuni halikusaidii. Viatu vya kufunika vyenye soli ya mpira, jozi tatu za soksi, suruali ya kitambaa chepesi kinachokauka upesi, sweta la sufi la kuvaa ndani ya koti jepesi la mvua. Sufi hata ikilowa bado inashika joto, pamba haishiki. Mwavuli atanunua huko huko, wachuuzi wanatokea na tone la kwanza. Jioni yenye baridi atafutiwe gabi, shuka nzito ya pamba wanayojifunga wenyeji. Ikiwa kavu hakuna blanketi linaloishinda.

Na kukausha nguo ni mtihani mwingine. Jinzi yangu niliitundika chumbani, nikafunga dirisha ili kuzuia baridi. Asubuhi kioo kinalia machozi, jinzi iko vilevile. Niliona haya kama fundi. Chumba cha mita 3 kwa 4, urefu wa dari mita 2 na nusu, kina mita 30 za ujazo. Hewa ya digrii 16 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 au 14 za maji kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo chumba kizima kinabeba kama gramu 400, na zaidi ya gramu 300 zilikuwa zimo tayari. Mimi nakiletea nusu lita! Chumba hicho hicho Mombasa, kwenye digrii 28, kingebeba gramu 800. Dawa ni kufungua dirisha asubuhi jua likiwa kali, na kutundika nje kabla ya saa sita. Jiko la makaa usiliingize chumbani na kufunga mlango, hata kama wenyeji wanapika buna, kahawa yao, juu ya makaa mbele yako: wao wameacha mlango wazi. Moshi usioonekana wa makaa unaua mtu usingizini.

Ajabu ni kwamba pamoja na mvua yote ile midomo yangu ilipasuka. Simu inasema unyevu asilimia 80, Mombasa 75, sasa ukavu unatoka wapi? Asilimia ni ya uwezo wa hewa, na hewa baridi uwezo wake mdogo. Kwa gramu halisi hewa ya Addis ilikuwa na nusu tu ya maji ya hewa yetu. Beba mafuta ya nazi.

Chai nayo haikunikolea siku ya kwanza. Maji kule yanachemka kwenye digrii 92 hivi, yanatokota kwa fujo lakini hayana moto wa kutosha kuyakamua majani kama yetu. Yaache jikoni kwa muda zaidi, au fanya nilivyofanya mimi, uhamie kwenye kahawa. Maharagwe yanahitaji saa za ziada au sufuria ya presha.

Kachri za muhogo nilizobeba kutoka Mombasa zilifika pakiti imevimba kama mpira wa miguu, afisa pale forodhani akaibonyeza mara mbili kwa wasiwasi. Safari ya kurudi ikawa kinyume. Chupa tupu ya maji niliyoikaza kifuniko Bole, nilipoitoa kwenye begi Mombasa ilikuwa imebonyea ubavuni. Sijaifungua mpaka leo. Iko kwenye rafu ya karakana, kando ya mitungi ya gesi, na kila kijana mpya anayekuja kujifunza kazi namwuliza ni nani kaikanyaga.