Kusomea elimu ya viungo: yanayosemwa mtaani na yalivyo kweli

Msimu wa udahili ukifika, kuna swali ambalo vijana wengi waliomaliza kidato cha sita hukutana nalo nyumbani: "Mtu anakwenda chuo kikuu kusomea kuruka kamba?" Mzazi anayeuliza hivyo hana ubaya. Ada ni kubwa, mkopo wa Bodi ya Mikopo lazima urudishwe, na ndugu wengi wanamtazama mtoto huyo mmoja. Lakini hofu yake imesimama juu ya mambo ambayo si kweli, na wanaoumia zaidi kwa sababu hiyo ni watoto wa shule.

"Haina sayansi, ni jasho tu"

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya ualimu katika elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Anayesoma fani hii hukutana na anatomia (muundo wa mwili), fiziolojia ya mazoezi (jinsi mwili unavyofanya kazi wakati wa mazoezi), saikolojia, sosholojia ya michezo, mitaala na upimaji, kisha hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha kama mwalimu mwingine yeyote.

Chukua jambo dogo ambalo karibu kila kocha wa mtaani hulisema: mchezaji akiamka kesho yake mapaja yanauma, ni asidi ya laktiki imeganda kwenye misuli. Si kweli. Laktiki hurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, tena moyo na misuli huitumia kama nishati. Maumivu ya kesho yake hutokana na michubuko midogo sana ndani ya misuli, hasa pale inaposhika mzigo huku inarefuka, kama mtu anapokimbia kuteremka mlima. Hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Asiyejua hayo atamkimbiza mtoto tena asubuhi "kutoa asidi" badala ya kumpa kazi nyepesi na muda wa kupona.

"Lazima uwe ulikuwa mchezaji hodari"

José Mourinho, kocha maarufu wa soka kutoka Ureno, hakuwahi kuwa nyota uwanjani. Alisomea elimu ya viungo Lisbon na akafundisha shuleni kabla ya kupanda ngazi za ukocha. Hapa jirani, Iten nchini Kenya, Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia shule ya St Patrick's, bila historia yoyote ya riadha. Ndiye aliyemlea David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012 na kuweka rekodi ya dunia. Mtu atasema, basi mbona O'Connell hakusomea michezo? Ni kweli, lakini alikuja tayari ni mwalimu, na yaliyobaki alijifunza kwa miaka mingi ya kutazama na kuuliza. Chuo hakiwezi kukupa miaka hiyo, ila kinakuepusha na makosa ambayo gharama yake ni magoti ya watoto.

"Kipindi cha michezo ni kuwapa mpira wakacheze"

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Tazama darasa la wanafunzi 70 na mpira mmoja. Wavulana kumi wanaojua soka wanauchukua. Wengine wanakimbia nyuma yao bila kuugusa. Wasichana wengi wanakaa chini ya mwarobaini, na mwenye ulemavu wa mguu anaachiwa kulinda mabegi. Dakika 40 zinakwisha na nusu ya darasa haijatoa hata jasho.

Mwalimu aliyesomea huingia na andalio la somo. Anagawa darasa makundi saba na kuweka vituo saba, vikiwemo: kamba za katani za kuruka, mipira ya matambara ya kurusha na kudaka, mistari ya chokaa ya kukimbia kwa kubadilisha mwelekeo, kituo cha kusimama kwa mguu mmoja. Kila baada ya dakika chache filimbi inalia, makundi yanahama. Yule mwenye ulemavu ana jukumu la kurusha na kulenga sawa na wenzake. Vifaa vyote hivyo vinapatikana kijijini. Kinachohitajika ni mtu anayejua kwa nini kila kituo kipo.

Na haja ipo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na takwimu zake zilizotolewa 2019 zilionyesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho. Ukichukua kipindi cha viungo ukakifanya cha hesabu kwa sababu mitihani imekaribia, unamnyima mtoto sehemu ya haki yake.

"Michezo inawaharibu wasichana"

Uongo huu ni wa zamani. Baada ya Olimpiki ya 1928 wanawake waliondolewa kwenye mita 800 hadi 1960, na maratoni yao haikuingia hadi 1984. Faith Kipyegon, mkimbiaji wa Kenya, alijifungua 2018, kisha akatwaa dhahabu ya mita 1500 Tokyo na Paris. Hatari ya kweli ni nyingine: wasichana huumia kano za goti zaidi ya wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, na dawa yake ni kuwafundisha kutua vizuri. Norway walijaribu programu ya kupasha mwili ya dakika 20 kwa wachezaji wasichana zaidi ya 1,800. Majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu.

"Huyu hana kichwa, ana miguu"

Walimu wengi wamefundishwa kwamba kuna mtoto anayejifunza kwa kuona, wa kusikia na wa vitendo, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani walipitia tafiti zilizokuwapo na hawakupata ushahidi wa kutosha kuunga mkono jambo hilo. Mtoto anayependa mpira anaweza kujifunza aljebra kama mwenzake. Asiitwe wa miguu akiwa darasa la nne.

"Ukimaliza utakuwa daktari wa timu" na "hakuna kazi"

Zote mbili si sahihi. Kutibu wachezaji ni kazi ya daktari au ya mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), na fiziotherapia ni taaluma nyingine yenye mafunzo yake. Anayeitaka aombe kozi hiyo tangu mwanzo. Kuhusu kazi, nafasi za serikali zina ushindani mkali, asikudanganye mtu. Lakini kuna shule binafsi, akademia za soka, maofisa michezo wa halmashauri na vituo vya mazoezi, na AFCON 2027 inakuja Kenya, Tanzania na Uganda. Kabla ya kuthibitisha chuo, uliza kama kozi inakupa somo la pili la kufundishia, mathalani baiolojia au Kiswahili, na uliza wiki ngapi utakaa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha.