Vinia za kompoziti: maswali ya meno kutoka Mtwara na Lindi

Minada ya korosho ikianza na pesa zikiingia mifukoni, maswali haya huongezeka kwenye kiti changu. Yupo anayefunga ndoa mwezi ujao, yupo aliyevunjika jino la mbele kwa kuanguka na pikipiki, na wapo vijana wanaonipa simu yenye picha ya msanii wakisema, "Daktari, nataka kama haya." Nimeyakusanya maswali yanayorudi mara nyingi.

Vinia ya kompoziti ni kitu gani?

Ni tabaka jembamba la resini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na chembe laini mno za kioo, lenye rangi ya jino. Ni jamii ileile ya dawa tunayozibia meno yaliyotoboka, ila hapa tunaipaka upande wa mbele wa jino, tunaifinyanga kwa mkono mpaka ipate umbo, kisha tunaigandisha kwa taa ya mwanga wa buluu. Vinia ya poseleni, yaani ya kauri, hutengenezwa maabara ndipo ije kubandikwa mdomoni. Ya kompoziti huisha hapohapo kitini, kwa kawaida nusu saa hadi saa nzima kwa kila jino.

Inashikaje? Wanatumia gundi?

Jino husafishwa, kisha hupakwa asidi ya fosforasi kwa sekunde 15 hadi 30 na kuoshwa. Asidi hiyo huacha vitundu vidogo mno kwenye enameli, ile ganda gumu la nje ya jino. Dawa ya kushikisha huingia humo, nayo kompoziti hushikana na dawa hiyo. Aliyeonyesha kwamba asidi inaweza kufanya kazi hii ni Michael Buonocore wa Marekani, mwaka 1955. Kompoziti yenyewe hupakwa kidogo kidogo, kila tabaka lisizidi milimita 2 na limulikwe kivyake, kwa sababu likiwa nene mwanga haufiki chini na ndani hubaki bichi.

Adui wa kazi yote hii ni mate. Jino lililokwisha kuandaliwa likilowa, hata kidogo, vinia itabanduka mapema. Ukiona daktari anahangaika na pamba, mpira na kifyonza mate, mvumilie.

Nasikia meno husagwa yakabaki vijiti. Ni kweli?

Swali hili ndilo ninaloombea kila mtu aulize kabla ya kukaa kitini. Kwa vinia ya kompoziti, mara nyingi hakuna haja ya kusaga chochote. Tunaongeza juu ya jino, hatupunguzi. Pengine tutalainisha kidogo ukingo uliochongoka au jino lililojitokeza mbele ya wenzake, basi. Vile vijiti unavyoviona kwenye video ni meno yaliyosagwa pande zote ili yavikwe kofia, na hiyo ni tiba nyingine kabisa, ya jino lililoharibika sana.

Enameli ikishasagwa haioti tena. Kijana wa miaka 22 mwenye meno mazima akisagwa yote, amejifunga kuyavika upya maisha yake yote, na baadhi ya meno hayo mishipa yake itakufa. Mtu akikwambia lazima asage, mwulize anasaga kiasi gani na kwa nini. Asipokupa jibu linaloeleweka, ondoka.

Shikamoo daktari. Nina mwanya, wenzangu chuoni wananitania. Niuzibe?

Marahaba mwanangu. Unaweza, na ni miongoni mwa kazi ambazo kompoziti huifanya vizuri. Lakini kumbuka kwamba kwa Waswahili mwanya ni sifa, watu wameusifia tangu zamani. Na wazee wetu wa Kimakonde walichonga meno yachongoke kwa ajili ya urembo huohuo. Uzuri wa meno haujawahi kuwa wa namna moja, kwa hiyo usiuzibe kwa sababu ya utani wa chuoni. Uzibe ukitaka wewe.

Jambo moja zaidi: mwanya wa kuzaliwa nao hauna neno. Mwanya unaojitokeza ukubwani na kuendelea kupanuka mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa fizi, mfupa unaoshika meno unapungua. Huo hauzibwi mpaka fizi zitibiwe.

Nimekulia Arusha, meno yangu yana rangi ya kahawia. Vinia itaficha?

Rangi hiyo hutokana na floridi nyingi kwenye maji uliyokunywa utotoni, wakati enameli ikijengeka. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kaskazini huvuka hapo. Vinia inaweza kuficha, ila doa zito huonekana kwa chini kama ukuta mweusi uliopakwa chokaa mara moja. Wengine tunaanza kwa kung'arisha meno, tunasubiri kama wiki mbili ili dawa ya kung'arishia isizuie vinia kushika, ndipo tunapaka. Utaratibu huo usigeuzwe, maana dawa ya kung'arishia haibadilishi rangi ya kompoziti.

Zitadumu muda gani?

Kwa kawaida miaka 5 hadi 7, pungufu ukizitumia vibaya. Poseleni huenda 10 na zaidi, lakini ni ghali na mara nyingi hudai jino lisagwe kidogo. Kompoziti hunywa rangi: chai ya rangi, kahawa ya barazani, binzari ya mchuzi, na tumbaku kuliko vyote. Husugulika pia, kwa hiyo achana na unga wa mkaa. Usimenye muwa wala kufungua soda kwa meno ya mbele. Korosho za kukaanga tafuna kwa magego. Ile yenye ganda bichi usiitie mdomoni kabisa, mafuta yake huunguza midomo.

Kuna mtu mtaani anapaka meno kumi kwa saa moja. Bei yake nzuri.

Niliwapokea waliotoka kwa watu wa namna hiyo. Meno yameunganishwa kama ubao mmoja, uzi wa meno haupiti, ukoga umejaa chini yake, fizi zimevimba na mdomo unanuka. Kuyatenganisha ni kazi ya siku nzima, na wakati mwingine tunakuta jino limeoza ndani bila mwenyewe kujua. Daktari wa meno lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kumwuliza usajili wake si utovu wa adabu.

Nani asubiri kwanza?

Mwenye fizi zinazotoka damu, mwenye meno yaliyooza, mwenye kusaga meno usingizini, na aliye chini ya miaka 18 ambaye meno na fizi bado vinajipanga. Mjamzito aahirishe urembo, lakini fizi zake atibiwe.

Vinia imenibanduka nami niko Newala. Nifanyeje?

Usiirudishe kwa supagluu, inaunguza fizi na kuharibu sehemu ya kushikia. Kama jino haliumi, si dharura. Piga mswaki taratibu, using'ate kwa jino hilo, na uende kliniki ya kinywa na meno ya hospitali ya wilaya, au hospitali ya Ligula ukija Mtwara mjini, au hospitali ya Sokoine ukiwa Lindi. Kompoziti hutengenezeka, mara nyingi pale palipovunjika tu. Jino likiuma au likishtuka kwa maji baridi, usingoje siku ya gulio, nenda kesho asubuhi.