Usisubiri Uache Pombe Ndipo Uende Kikundini

Kikundi cha kusaidiana kuacha pombe ni nini?

Ni watu wenye tatizo la pombe wanaokutana mara kwa mara, wengi kila wiki, na kuelezana wanavyopita siku bila kunywa. Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, yaani AA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935 na dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote wawili wakisumbuliwa na pombe. Hakuna ada, mchango ni hiari. Sharti la kujiunga ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa.

Tafadhali soma tena hapo. Unataka kuacha. Haijasemwa uwe umeshaacha.

Kwa hiyo niende hata kama bado nakunywa?

Ndiyo, nenda. Tunachokiona wodini kinachosha: mtu anajua kikundi kilipo, amekubali kwenda, ila anasema "ngoja kwanza nijisafishe". Anajifungia ndani Ijumaa. Jumapili analetwa amebebwa, ulimi ameuma, shati limelowa jasho, anabishana na watu ambao hawamo chumbani. Aibu ya kuingia mkutanoni akinuka pombe imemleta kwetu akiwa mahututi.

Lakini kuacha si ndiyo vizuri? Kutanidhuruje?

Kuacha ni vizuri. Kukata ghafla, peke yako, baada ya kunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ni hatari. Pombe huutuliza ubongo, nao ukizoea hujichangamsha kupita kiasi ili ufanye kazi hivyohivyo. Pombe ikiondoka ghafla, uchangamfu ule unabaki bila breki. Mikono kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48 za kwanza. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, kupata homa na kuona wadudu wakitambaa ukutani. Hali hiyo inaua.

Kama usipozimua asubuhi unatetemeka, au uliwahi kupata degedege ulipoacha, nenda kituo cha afya kabla hujakata. Kuna dawa za kukuvusha, kama diazepam, na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Diazepam ya kujinunulia na kumeza huku unakunywa ni hatari nyingine, usijaribu.

Kama dawa ziko hospitali, kikundi cha nini?

Hospitali inakuvusha siku za mwanzo. Halafu inakuja jioni ya kawaida, umetoka kazini, rafiki zako wanakuita, na daktari hayupo. Hapo ndipo unahitaji mtu wa kumpigia simu aliyewahi kusimama palepale. Wana AA huwa na mdhamini, mwanachama mzoefu wa kumwambia ukweli hata usiku. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalionyesha kwamba programu zinazomuunganisha mgonjwa na AA kwa utaratibu maalumu humsaidia kukaa bila kunywa kabisa vizuri kuliko baadhi ya tiba nyingine zilizozoeleka.

Kikundi na dawa vinakwenda pamoja. Mwanachama akikwambia utupe dawa ulizoandikiwa, usimsikilize. AA yenyewe inasema mwanachama asijifanye daktari.

Nakipataje?

Uliza kliniki ya afya ya akili au kituo cha afya kilicho karibu. AA pia ina orodha ya mikutano ya nchi nyingi kwenye intaneti, na mingine hufanyika kwa simu au video. Mkutano wa wazi anaingia yeyote. Uliofungwa ni wa wenye tatizo tu. Piga simu mapema uombe mtu akupokee mlangoni, maana wengi hugeukia hapohapo mlangoni. Usipopatana na kikundi cha kwanza, jaribu kingine. Ukikwazwa na mambo ya imani, ipo SMART Recovery, isiyojengwa juu ya dini.

Nitalazimishwa kuongea?

Hapana. Taja jina lako la kwanza, sema leo unasikiliza, inatosha.

Nilikuwa nimeacha, juzi nimeteleza. Nirudi nikishatulia?

Ni kosa lilelile, limebadili nguo tu. Rudi mkutano unaofuata. Vikundi vingine humwomba aliyekunywa siku hiyo asikilize tu, basi. Wanaotuumiza moyo ni wale waliosubiri kutulia.

Sisi ndugu tumfungie ndani mpaka pombe imtoke?

Msimfungie. Tafadhali, msimfungie. Nia yenu ni njema, lakini mnamnyima msaada katika saa zilezile anazouhitaji zaidi. Ninyi nanyi mna kikundi chenu, Al-Anon, kwa ajili ya jamaa wa wanywaji.

Akianza kutetemeka sana, kuweweseka au kupata homa, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Akianguka degedege, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu yake, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na mmoja wenu atafute gari mara moja.