Skeli imepotea? Anza na mlango

Juzi mteja aliniletea karakanani, hapa Sinza, modeli ya nyumba anayotaka kuijenga Kigamboni. Kadibodi nzuri, imekatwa kwa ustadi, ila karatasi yenye skeli, yaani uwiano wa vipimo vya modeli na vya nyumba halisi, ilishabanduka. "Fundi, hii sebule itakuwa na ukubwa gani?"

Nikapima mlango wa mbele kwa rula: sentimita 4.2. Milango mingi ya nyumba zetu ina kimo cha mita 2.1, yaani sentimita 210. Gawanya 210 kwa 4.2, unapata 50. Kwa hiyo skeli ni 1:50, na kila sentimita ya modeli ni nusu mita kiwanjani. Nikahakikisha kwa dirisha: sentimita 3, sawa na mita 1.5. Limekubali. Hata skeli ikiwa imeandikwa mimi huihakiki, hasa kwenye ramani za fotokopi: mchoro ukipunguzwa skeli hubadilika, na maandishi yanabaki yaleyale.

Sebule ilikuwa sentimita 12 kwa 8. Zidisha kila upande kwa 50: mita 6 kwa 4.

Mteja akatoa simu apige hesabu ya marumaru. Akazidisha 12 kwa 8, akapata 96, akazidisha kwa 50: sentimita za mraba 4,800. Hazifiki hata nusu mita ya mraba! Hapa wengi hukwama, na mimi napenda kulionyesha kwa mikono kuliko kwa maneno. Nikakata kipande cha kadi cha milimita 8 kwa 8, ambacho kwa skeli hii ni marumaru ya sentimita 40 kwa 40. Tukakipanga kwenye sakafu ya sebule ya modeli: 15 kwa urefu, 10 kwa upana. Jumla 150.

Urefu umekua mara 50, upana nao mara 50, basi eneo limekua mara 2,500. Ukizidisha 96 kwa 2,500 unapata sentimita za mraba 240,000, ambazo ni mita za mraba 24. Nikamwambia aongeze chache za kukata na kuvunjika.

Akanionyesha tenki la maji, kijisanduku cha sentimita 2 kila upande. Hapo kuna urefu, upana na kimo, kwa hiyo 50 inaingia mara tatu: 50 × 50 × 50 = 125,000. Sentimita za ujazo 8 zikawa milioni moja, yaani lita 1,000.