Chai ya barafu Marekani: sukari inatiwa lini?

Agiza chai ya barafu kwenye mkahawa wa South Carolina, jimbo la Kusini mwa Marekani, na huenda ukaletewa glasi ndefu yenye utamu wa sharubati. Iagize Boston, mji wa Kaskazini, itakuja haina hata punje ya sukari. Wengi husema watu wa Kusini wanapenda sukari nyingi, basi. Mimi kazi yangu ni kuonja na kuchanganya chai, na kwangu swali kubwa ni sukari imetiwa wakati gani.

Kusini hutiwa jikoni, chai ikiwa bado inafuka. Vifuko vya chai nyeusi hulowekwa kwenye maji machache yaliyochemka, vinatolewa, sukari inamiminwa na kukorogwa mpaka iyeyuke yote, ndipo maji baridi yanaongezwa kujaza jagi. Mapishi mengi hutaka kikombe kimoja hadi viwili vya sukari kwa galoni, yaani takriban gramu 200 hadi 400 kwa lita 3.8. Hicho kiwango cha juu hakipishani sana na soda ya kola. Wengine hutia na chembe ya bikaboneti ya soda kuondoa ukakasi. Siipendi hata kidogo: rangi inakolea, ladha inapooza.

Kaskazini sukari inakungoja mezani. Unatia, unakoroga, barafu inagongagonga, na punje zimetulia zao chini ya glasi. Watu hudhani maji baridi hayawezi kubeba sukari hiyo. Yanaweza sana: hata kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, gramu 100 za maji huyeyusha gramu zipatazo 180. Ila huyeyusha polepole, na mnywaji ana kiu. Ndiyo maana mkahawa unaojali wateja huweka shira, yaani sukari iliyokwisha kuyeyushwa. Tena kinywaji cha baridi kali hupunguza utamu ulimini, hivyo mtu anazidi kuongeza.

Simulizi ya kwamba kinywaji hiki kilibuniwa na mnadi chai Richard Blechynden kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904 haisimami. Kitabu cha mapishi cha Marion Cabell Tyree wa Virginia kilikielekeza tangu 1879, tena kwa chai ya kijani, na glasi inajazwa barafu, vinatiwa vijiko viwili vya sukari, kisha chai inamiminwa juu yake. Kwa hiyo hata Kusini haikuanza kwa sukari ya jikoni.

Siku hizi, ukitaka utamu wa wastani huko Kusini, omba nusu kwa nusu: yenye sukari na isiyo nayo. Kuiomba isiyo na sukari kisha ujitilie mwenyewe hakutoi ladha ileile, na hilo watu wa Kusini wanalijua vizuri. Mwaka 2003 wabunge wa Georgia waliwasilisha, kwa mzaha wa Siku ya Wajinga (Aprili mosi), muswada wa kulazimisha kila mkahawa unaouza chai ya barafu uwe na yenye sukari. Hata kwenye mzaha huo walifafanua: ni chai iliyotiwa sukari wakati inapoandaliwa.