Mfumo wa mawakala wengi ni nini?

Saa kumi na moja jioni, mtu yuko Mwenge, Dar es Salaam, na nyumbani kwake ni Tegeta. Badala ya kusubiri gari la kwao, anapanda linaloelekea Makumbusho, yanakoanzia safari magari ya Tegeta, anapata siti, anageuza nalo. Analipa nauli mara mbili na muda unampita, lakini atafika amekaa. Hakuna aliyemwagiza. Ameona magari yanapita yamejaa, akapiga hesabu zake, akaamua.

Sasa wafanye hivyo watu mia. Gari linaingia stendi ya Makumbusho siti zote zina wenyewe, na yule aliyesubiri pale tangu saa kumi anaishia kusimama mlangoni. Kesho naye anageuza. Keshokutwa na wa kituo cha Sayansi wanageuza. Baada ya muda siti zinaisha kabla gari halijafika linakoanzia safari, na kila mtu analipa zaidi kwa kitu kile kile alichokuwa anakipata mwanzo. Hali hiyo haikupangwa na ofisi yoyote, wala hakuna abiria aliyeitaka. Imezaliwa na maamuzi madogo ya watu wengi, kila mmoja akitazama kilicho mbele yake tu.

Mfumo wa mawakala wengi ni njia ya kujenga mambo ya namna hiyo ndani ya kompyuta. Neno wakala Dar tunaishi nalo. Wakala wa pesa kwenye kibanda chake ana floti yake, anajua wateja wake, anaamua afungue saa ngapi, na floti ikimwishia anakwenda kuazima kwa jirani. Makao makuu ya mtandao hayampigii simu kumwambia amhudumie nani kwanza. Wakala wa kompyuta naye ni programu yenye uhuru kama huo: ina lengo, inaona sehemu ndogo ya mazingira yake, inachagua hatua, inatenda, na inaweza kuzungumza na wenzake. Programu ya kawaida ya kupiga mahesabu ya mshahara haina hiari hiyo, inafuata mstari mmoja hadi mwisho.

Kuzungumza huko kuna taratibu zake. Mojawapo ya za zamani iliandikwa na Reid Smith mwaka 1980, nayo inafanana na zabuni: wakala mwenye kazi anaitangaza, wenzake wanasema wanaweza kuifanya kwa gharama gani, anachagua mmoja. Hakuna bosi anayehitaji kujua nani ana nafasi saa hiyo.

Wakiwa kumi, unaweza kuwafuata mmoja mmoja kwa macho. Wakifika maelfu au mamilioni, yanatokea mambo ambayo huwezi kuyakisia hata kama unaijua kanuni ya kila mmoja. Mchumi wa Marekani, Thomas Schelling, alilionyesha hilo mwaka 1971 kwa ubao wa miraba na vipande vya aina mbili. Kila kipande kilihama tu pale majirani wa aina yake walipokuwa wachache mno, yaani hakikuwa na chuki na wengine. Hata hivyo ubao uliishia kugawanyika makundi makubwa yaliyotengana. Schelling alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2005, na ubao wake bado unafundishwa.

Matumizi ambayo mimi nayaona ya maana zaidi kwetu ni ya usafiri. Kuna programu iitwayo MATSim, iliyojengwa na watafiti wa Zurich na Berlin. Humo kila mkazi ni wakala mwenye siku yake: anatoka nyumbani, anakwenda kazini, anapitia sokoni, anarudi. Kompyuta inaichezesha siku nzima, kila mmoja anapewa alama kwa jinsi siku ilivyomwendea, kisha baadhi yao wanabadili saa ya kutoka au njia, na siku inachezwa upya, mara nyingi, mpaka kubadili hakumsaidii mtu tena. Foleni inajitokeza yenyewe. Hapo unaweza kufunga barabara moja au kuongeza njia ya mwendokasi na kuona nani anaumia, kabla hata mfuko mmoja wa saruji haujafunguliwa. Kwa jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 katika Sensa ya 2022, kujaribu barabarani moja kwa moja ni ghali mno.

Malaria nayo inaigwa hivyo. OpenMalaria, ya taasisi ya Uswisi iitwayo Swiss TPH, inamfuata kila mtu wa kubuni anapoumwa na mbu, anapougua na anapojenga kinga, ili vyandarua na dawa vilinganishwe. Kwenye maghala makubwa, roboti zinazobeba rafu zinaongozwa kwa fikra hiyo hiyo. Na siku hizi programu za akili mnemba zinazoelewa lugha zinapangwa kwa makundi, moja inatafuta habari, nyingine inaandika, ya tatu inakagua.

Hatari ipo, na inatoka pale pale unapotoka uzuri. Tarehe 6 Mei 2010 soko la hisa la Marekani liliporomoka ghafla, kipimo cha Dow Jones kikashuka karibu pointi 1,000, kisha sehemu kubwa ikarudi, yote ndani ya nusu saa hivi. Programu za biashara zilikuwa zinauziana kwa kasi ambayo binadamu hawezi, kila moja ikifuata kanuni yake sawasawa.

Kwa hiyo swali kubwa ni kanuni zimeandikwa na nani. Mfano wa kompyuta uliojengwa mahali ambapo basi linaondoka kwa saa haujui gari linalosubiri lijae. Haujui konda anayekatisha ruti kwa sababu hesabu ya tajiri haijatimia, na kugeuza haujawahi kukusikia. Ukiuleta hapa kama ulivyo utatoa majibu mazuri ya mji mwingine. Mambo hayo yanajulikana na madereva, makonda na wapiga debe, na ndio wa kuulizwa kwanza.

Kuuliza kunawezekana. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora ramani za kata za Dar zinazofurika, mtaro kwa mtaro. Mitaro ikishawekwa kwenye ramani, zinabaki tabia za watu. Mto Msimbazi ukijaa, mfano unaodhani kila mkazi ataondoka akitangaziwa utakosea, maana wapo wanaowapeleka watoto kwa ndugu kisha wao wakabaki kulinda friji na cherehani. Nyumba gani hubaki na mtu, na kwa nini, anayeweza kusema ni mjumbe wa pale mtaani.