Kurithi Si Kupawa

Jumapili asubuhi mtangazaji mmoja alikuwa akitupigia roki, na alipofika kwa Wolfgang Van Halen, mwana wa mpiga gitaa Eddie Van Halen, akasema kijana huyu "amerithi kipaji cha babake". Baadaye kidogo akamtaja Jakob Dylan, naye akamwita "mrithi wa Bob Dylan". Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo miaka na miaka, kwa watoto wa waimbaji wa taarabu hapa Mombasa na kwa watoto wa wanaroki wa Marekani na Uingereza. Linaniuma, kwa sababu maana yake aijua kila mtu aliyewahi kufiwa.

Kurithi ni kuchukua haki yako katika alichoacha marehemu. Asili yake ni Kiarabu, shina lile lile lililotupa mirathi na urithi. Kwa Kiarabu mrithi mmoja ni warith. Sisi tumeliingiza katika ngeli ya mtu na watu, kwa hiyo warithi kwetu ni wengi na mmoja ni mrithi. Umbo limegeuka, sharti halikugeuka: hapana mirathi bila maiti. Kesi za mirathi za Waislamu, ambazo ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imeziweka chini ya Mahakama ya Kadhi pamoja na ndoa na talaka, huanza kwa kuuliza nani kafa na kaacha nani. Mzazi akikupa kitu akiwa hai, hiyo ni hiba. Sasa Jakob alipokuwa akitamba na bendi yake, The Wallflowers, miaka ya 1990, babake alikuwa hai, yuko jukwaani anaimba. Amrithi vipi?

Halafu kipaji. Neno hili limezaliwa na kupa. Mwenye kupa ni mpaji, na kipawa, ndugu yake, kimetoka kwenye kupawa, yaani kupewa. Neno lenyewe limembeba mtoaji ndani yake, na sisi tunasema Mpaji ni Mungu. Anayesema kipaji kimerithiwa ameyafunga pamoja maneno mawili yanayokataana: moja linataka aliyekufa, jingine linamtaja Asiyekufa.

Najua nitaambiwa habari za mwimbaji Jeff Buckley. Babake, Tim Buckley, mwimbaji pia, alifariki 1975, Jeff akiwa na miaka minane, na hakulelewa naye. Alikulia kwa mamake na baba wa kambo, na utotoni alitumia jina la huyo wa kambo. Hata hivyo alipokuja kuimba, watu walisikia sauti ya Tim. Sikatai. Koo hutoka kwenye damu, kama pua na kimo. Lakini kwa hilo tuna neno letu: kushabihi. Jeff alimshabihi babake kwa sauti. Namna ya kuitumia sauti hiyo aliitafuta mwenyewe, akiimba katika mkahawa mdogo New York kabla ya albamu yake ya 1994, na ninaona ni dhuluma kumwandikia kazi hiyo mtu ambaye hakuwapo.

Mfano wa kurithi hasa ni Dhani Harrison. Babake, George Harrison wa Beatles, alifariki Novemba 2001 akiacha nyimbo ambazo hazijakamilika. Dhani, pamoja na mwanamuziki Jeff Lynne, akazikamilisha, zikatoka mwaka uliofuata. Kuna marehemu, kuna alichoacha, kuna aliyekipokea akakisimamia.

Wolfgang ni habari nyingine. Alikuwa tineja alipoanza kupiga gitaa la besi katika bendi ya babake na kuzunguka nayo mwaka 2007. Alifunzwa kazini, baba akiwa pembeni yake. Eddie alifariki Oktoba 2020, na 2021 kijana akatoa albamu yake ya kwanza kwa jina la Mammoth WVH, ameimba mwenyewe na kupiga ala zote mwenyewe. Saa alizotumia kujifunza ngoma, besi na gitaa hazikuwa katika mali ya marehemu.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu ya mpwa wangu wa Kibokoni, hapa Mombasa, anayepiga udi. Babake pia ni mpiga udi, na yu hai. Harusini mzee mmoja alimsifu: "Huyu amerithi." Mamangu akamwambia kwa upole, "Babake ndiye huyo umekaa naye." Mimi nilikuwa naviangalia vidole vya kijana, vimeota sugu. Miaka sita nimemsikia usiku akirudia mstari mmoja mpaka jirani anafunga dirisha.

Ndugu mtangazaji, kipindi chako nakipenda na nitaendelea kukisikiliza. Ukimpiga tena Wolfgang, sema amefunzwa na babake, au ameishika kazi ya babake. Jeff Buckley, sema amemshabihi babake. Kurithi mwekee Dhani na zile nyimbo alizoachiwa.